Kinyundo kimesema 38 lakini kalavati linatoa kutu, tuamini kipi?

*"Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mtendaji wa kijiji kimoja pwani ya Lindi. Barabara yetu inaenda mpaka mashamba ya chumvi na inavuka mkono wa bahari juu ya boksi kalavati la milango miwili, lina miaka kama 14 sasa. Tangu masika yaliyopita tunaona nyufa chini ya slabu, zimenyooka kama zimepigwa rula, na zinachuruzika maji rangi ya chai. Wakaja vijana wawili na kinyundo cha kupimia zege, wakagonga ukutani, wakasema inasoma 38, zege zima kabisa, tupige plasta tu halafu tupake kemikali ya kuzuia kutu ambayo wanaiuza wao wenyewe. Na kwa kalavati jipya tunalotaka kuweka kwenye kijito cha pili wanasema tutumie nondo za plastiki, eti ndo teknolojia ya sasa, hazishiki kutu. Wanakijiji wameshaanza kuchanga. Je tupige plasta? Hicho kinyundo ni cha kuaminika? Na hizo nondo ni kweli zipo au tunaibiwa?"*

Marahaba mwanangu. Nianze na la haraka kabla michango haijaondoka: msipige plasta. Hata kama fundi keshashusha mchanga, mwambie asubiri. Mengine tutaenda nayo taratibu. Hao vijana mimi siwaiti matapeli, inawezekana kabisa kinyundo kilisoma 38 na zege ni gumu kweli, shida ni kwamba wamejibu swali ambalo wewe hujauliza.

Maana nikikusoma vizuri, wewe huogopi zege kuwa laini. Unaogopa lori la chumvi lifike katikati ya mlango wa kwanza, tairi za nyuma ziko juu ya ile nyufa, na slabu ikaondoka nalo. Swali lako ni hali ya nondo zilizoko ndani, na kinyundo hakijui kama duniani kuna kitu kinaitwa nondo.

Kile kifaa mafundi tunakiita Schmidt, kwa jina la Mswisi Ernst Schmidt aliyekibuni mwishoni mwa miaka ya 1940. Ndani kuna springi na kichuma, ukikikandamiza kwenye zege springi inaachia, kichuma kinagonga na kurudi nyuma, na mshale unakuonyesha kimerudi kiasi gani. Basi, hakuna uchawi zaidi ya huo. Ni kama mpira wa watoto, ukiudundisha kwenye sakafu ya simenti unakuja mpaka kiunoni, ukiudundisha kwenye mchanga wa ufukweni unalala hapohapo. Kinachopimwa ni ugumu wa ngozi, sentimita mbili tatu za juu, na hiyo 38 sio megapaskali (kipimo cha nguvu ya zege) wala sio asilimia, ni namba ya mdundo tu ambayo lazima uipeleke kwenye jedwali, na jedwali lenyewe ili uliamini inabidi lilinganishwe na zege lililokatwa kwenye mradi huohuo.

Na hapo kuna mtego ambao watu wengi hawausemi. Zege likikaa hewani miaka mingi, hewa ya ukaa inaingia polepole na ile ngozi ya juu inakuwa ngumu kama ukoko wa wali. Kwahiyo kinyundo kwenye zege la zamani kinadunda vizuri kuliko kilivyodunda lilipokuwa jipya, namba inapanda wakati mgonjwa anazidi kuumwa! Kwenye zege kuukuu unaweza kupata makisio ya nguvu yaliyozidi ukweli kwa nusu nzima. Halafu kuna mambo ya mkono: ukigonga kwa kuelekeza juu namba inakuwa tofauti na ukigonga kwa pembeni, zege lililolowa linasoma chini, ukiangukia kwenye kokoto linasoma juu. Ndo maana utaratibu unataka sehemu isuguliwe kwanza kwa jiwe, ugonge mara 9 au 10 bila kurudia alama ileile, zile zinazoruka sana uzitupe. Na kabla hujatoka ofisini unakijaribu kifaa kwenye fuawe lake la chuma, kinatakiwa kisome karibu na 80. Waulize hao vijana walisoma ngapi kwenye fuawe asubuhi ile. Wakikutazama tu, umeshapata jibu.

Nakwambia haya kwa uchungu kidogo maana mimi mwenyewe kilishaniingiza mjini. Nilikuwa bado kijana, nikatumwa kupima nguzo za gati dogo la wavuvi, nikagonga kutwa nzima, 42, 44, 41, nikaandika ripoti nzuri kabisa yenye meza na wastani na sahihi yangu chini. Haikufika mwaka kipande cha ukubwa wa sinia kikadondoka ndani ya mtumbwi, bahati mwenyewe alikuwa ameenda kunywa chai. Nilipoenda kuangalia, nondo iliyokuwa ya milimita 16 imebaki kama kalamu ya bic na inabanduka magamba kwa kucha. Lile zege lililodondoka nikaligonga na kinyundo nikiwa nimechuchumaa palepale: 43. Zege zuri kweli, limeangushwa na chuma kilichokuwa ndani yake.

Sasa twende kwenye huo ugonjwa wenyewe. Nondo ikiwa ndani ya zege jipya haipati kutu kwa sababu simenti ina ukali wa alkali, pi-echi yake ni 12 mpaka 13, na kwenye ukali huo chuma kinajivika ngozi nyembamba sana inayokilinda. Ngozi hiyo inaharibiwa na vitu viwili. Cha kwanza ni hewa ya ukaa niliyokutajia, inashusha ule ukali mpaka chini ya 9. Cha pili ni chumvi, na kwenu ndiyo mwenye nyumba. Kloridi ya chumvi haihitaji kushusha ukali wowote, inafika kwenye nondo na kutoboa ile ngozi vijishimo vijishimo. Kutu ikianza inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, mara 2 mpaka 6 hivi kutegemea aina ya kutu, na zege ambalo ni hodari kubeba mzigo wa kukandamizwa ni dhaifu sana likitanuliwa kutoka ndani. Linapasuka. Na linapasuka kwa kufuata nondo, ndo maana umeniambia nyufa zimenyooka kama rula. Hiyo sentensi yako moja imenieleza zaidi kuliko ile 38. Zingekuwa zimesambaa kama ramani au kama tope lililokauka ningewaza mambo mengine kabisa, lakini zimenyooka na zinatoa chai, nina hakika asilimia kubwa kwamba ni nondo za chini za slabu zinatanuka.

Halafu fikiria kalavati lako lilipo. Sehemu ya zege inayokaa chini ya maji saa zote haina shida sana, chumvi ipo lakini oksijeni ya kulisha kutu ni kidogo. Balaa liko pale maji yanapojaa na kupwa, linalowa na kukauka kila siku, kila likikauka chumvi inabaki na kila likilowa inasukumwa ndani zaidi. Na juu yake sasa kuna malori ya chumvi! Chumvi mbichi inadondosha maji yake barabarani kila lori likipita, yanakaa kwenye kivuko yanateremka kwenye slabu. Hilo kalavati linalishwa chumvi juu na chini, kama nguru anayeandaliwa kuwa ng'onda.

Tukitoka hapo, vipimo gani vinajibu swali lako? Cha kwanza hakina gharama na utakifanya wewe na wazee wawili. Subiri maji yapwe, ingia chini ya slabu na nyundo ya kawaida ya fundi na chaki, gonga taratibu kila baada ya shubiri moja. Zege lililoshikana linalia kali, ngo, ngo. Zege lililoachana na nondo linalia bu, kama debe lenye mchele nusu. Kila ukisikia bu zungushia chaki. Ukimaliza rudi nyuma upige picha, utaona mwenyewe kisiwa cha ugonjwa kina ukubwa gani. Usikae moja kwa moja chini ya unapogonga na vaa kofia hata kama ni ya pikipiki, maana vipande vinadondoka kweli. Hiki nacho ni kipimo kisichoharibu, wakaguzi wa madaraja dunia nzima bado wanatumia nyundo na minyororo inayoburuzwa juu ya slabu kusikiliza hivyohivyo, pamoja na mamashine yote waliyonayo.

Na nyufa zipime. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, karatasi ya kawaida ya printa ni kama 0.1. Nyufa inayomeza karatasi tatu zikiwa pamoja imeshafika mpaka ambao wengi tunauhesabu kama mwisho wa uvumilivu, yaani 0.3, na kwa pwani wengine wanakaza zaidi ya hapo. Ikimeza kadi ya benki usilale. Weka alama ya penseli pale nyufa inapoishia pande zote mbili, andika na tarehe, rudi baada ya mwezi.

Vya pili vinahitaji mtu mwenye vifaa. Kuna kifaa cha kutafuta nondo, kinatumia sumaku kukwambia nondo iko wapi na imefunikwa na zege kiasi gani, mafundi tunaita kava. Ningekuwa na hela ya kipimo kimoja tu ningeanza na hiki, maana kwenye maji chumvi tunataka kava ya milimita 50 na zaidi, na mara nyingi ukipima unakuta 20, mara 15, kwa sababu siku ya kumwaga zege wale walioweka vijiwe vya kava walivikanyaga vikalala, na kila mtu aliona akanyamaza. Chumvi inayohitaji miaka mingi kupenya milimita 50 haihitaji mingi hivyo kupenya 15.

Kingine ni cha kupima umeme wa kutu. Unaunganisha waya mmoja kwenye nondo, mwingine kwenye kijichupa chenye shaba na maji ya salfeti ya shaba ambacho unakitembeza juu ya zege lililoloweshwa, katikati kuna multimita. Kwa kiwango cha Marekani cha ASTM C876, ikisoma hasi kupita milivolti 350 uwezekano kwamba kutu inaendelea hapo unazidi 90%, ikiwa haijafika hasi 200 uwezekano wa kutokuwepo ndio unazidi 90%, katikati yake hujui. Ila sikiliza: sehemu inayokaa ndani ya maji inaweza kusoma hasi kubwa sana na kutu hakuna, kwa sababu ya ile oksijeni kukosekana. Mtu akikuletea ripoti ya namba hasi za msingi uliozama akasema vunja kila kitu, muulize kuhusu hilo.

Halafu kuna unga wa zege. Hapa mimi napapenda kuliko kote. Unatoboa kwa drili, unakusanya unga wa milimita 10 za kwanza kwenye mfuko wake, 10 zinazofuata mfuko wake, hivyohivyo mpaka upite nondo, maabara inapima kloridi ya kila mfuko. Ikiwa chumvi ni nyingi juu na inapungua kadri unavyoingia ndani, imetoka baharini. Ikiwa inalingana kuanzia ngozi mpaka ndani kabisa, ujue iliingia siku ileile ya ujenzi, mtu alichota mchanga wa ufukweni au alikorogea maji ya kisima cha chumvi, na hapo hakuna kupaka wala kuziba kutakakosaidia maana sumu imeoka pamoja na mkate. Mpaka unaotumika sana kwa zege lenye nondo ni 0.4% ya uzito wa simenti. Ni unga wa kujaa vijiko vichache tu na unakusimulia miaka 14 yote.

Kwenye hayohayo matundu unapuliza vumbi litoke unanyunyizia dawa inaitwa fenolfthalini, zege lenye afya linageuka waridi kali kama maua ya bugenvilia, lililoliwa na hewa linabaki na rangi yake. Inachukua dakika moja na hata wazee wa kijiji wataelewa bila kuelezwa. Kipimo cha mawimbi ya sauti utakisikia pia, kinapima kasi ya mlio kupita ndani ya zege, zaidi ya kilomita 4.5 kwa sekunde ni zege safi sana, chini ya 3 kuna mashaka, lakini nyufa iliyojaa maji inaweza kupitisha mlio kama hakuna kitu. Rada ipo, ni nzuri kwa slabu kubwa za madaraja marefu, kwa kalavati la milango miwili ni kuchinjia panya shoka. Na mwisho kabisa kama nguvu ya zege yenyewe ndo inabishaniwa, unakata kiini cha milimita 100 ukakivunje maabara, hapo ndo kinyundo kinapata kazi yake halali: kutembea slabu nzima kuonyesha wapi ni tofauti na wapi, ili ujue pa kukata.

Sasa kwa nini nimekataza plasta kwa ukali vile. Watu wanadhani plasta ikishindwa imeshindwa tu, hela imepotea, basi. Hapana, inaharibu. Kutu ni betri. Kuna sehemu ya nondo inayoliwa na kuna sehemu jirani inayolindwa kwa sababu mwenzake analiwa. Ukibandua pale palipooza ukaweka simenti mpya isiyo na chumvi, pale panapona ghafla na kugeuka kuwa upande unaolindwa, na kuliwa kunahamia kwenye nondo ileile lakini pembeni ya kiraka, kwenye zege la zamani lenye chumvi. Baada ya muda unaona duara la nyufa mpya limekizunguka kiraka chako, na fundi anakwambia alifanya kazi nzuri mbona hapa katikati pako safi. Nimeona kwenye makalavati, nimeona kwenye nyumba za watu hapa Mtwara mjini, mabaraza yamejaa viraka kama kanzu ya fukara. Na hiyo kemikali wanayoiuza inawezekana ni dawa ya kweli, zipo za kuchanganya kwenye zege jipya na zipo za kupaka zege jipya kavu ili maji yasiingie, ila ukiipaka juu ya zege ambalo chumvi imeshafika kwenye nondo, umefunga mlango mwizi akiwa ndani.

Matengenezo ya kweli ni haya: unachonga zege bovu lote mpaka nyuma ya nondo, kidole kiweze kupita, milimita 20 mpaka 25, unasugua nondo mpaka iwe na rangi ya chuma, unaosha chumvi kwa maji yasiyo na chumvi yenye presha, nondo iliyoliwa sana unaongezea nyingine pembeni yake, kisha unarudishia zege la kutengenezea lililopangwa kwa kazi hiyo, na pembeni ya kiraka unafunga vipande vya zinki viliwe badala ya nondo. Hiyo zinki sio utani, ni akili ileile ya meli pale bandarini, nazo zinafungwa zinki chini ili bodi isiliwe. Wakati wa kuchonga slabu haibebi lori, lazima isimikiwe mirunda chini na barabara ifungwe upande mmoja. Ni kazi ya mkandarasi mwenye mhandisi, sio ya siku ya msaragambo. Na nikuambie ukweli, kama kugonga kwako kutaonyesha bu zaidi ya nusu ya slabu, mimi nitaanza kupiga hesabu ya kumwaga slabu mpya badala ya kukarabati, kwa slabu fupi kama yako mara nyingi inatoka nafuu.

Tuje nondo za plastiki. Zipo, haibiwi mtu, ila jina linapotosha. Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi maalumu, zinatumika kwenye madaraja Marekani na Kanada hasa kule wanakomwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Hazishiki kutu kabisa, uzito wake ni kama robo ya chuma, na ukizivuta zinahimili kuliko nondo ya kawaida. Mpaka hapo vijana wako sahihi.

Wasichokwambia ni kwamba zinavutika sana. Ugumu wake wa kutonyumbuka ni kama robo ya chuma, tuseme gigapaskali 45 mpaka 60 wakati chuma ni 200, kwahiyo slabu iliyopangwa kwa nondo 12 za chuma ukiweka 12 za faiba idadi ileile, itashuka zaidi na nyufa zitakuwa pana zaidi. Mchoro lazima uchorwe upya kuanzia mwanzo. Pili hazikunjwi saiti, fundi wako akiweka kwenye kipinda nondo inavunjika nyuzi kwa ndani, ringi na kona zote zinatoka kiwandani zimeshapindwa, na pale penye kona zina nguvu pungufu. Tatu, chuma kikizidiwa kinanyooka kwanza, slabu inalegea, watu wanaona, wanakimbia. Faiba haikuagi, inahimili inahimili halafu pa! Ndo maana wanaozichora wanaacha akiba kubwa. Nne, jua la kwetu: zikilala nje ya stoo miezi kadhaa ya kiangazi bila kufunikwa gundi ya juu inaungua. Na la tano ambalo mimi kama mtu wa vipimo linanigusa, kile kifaa cha kutafuta nondo hakizioni, kile cha umeme wa kutu hakina kazi. Mkishamwaga zege hakuna wa kurudi kuhakikisha kwa urahisi kwamba kweli ziliwekwa ngapi na kwa kina gani, mnabaki na picha za siku ya kumwaga. Kwahiyo pigeni picha, na futi kamba ionekane.

Ushauri wangu kwa kijito cha pili: kama mna mhandisi aliyesajiliwa anayekubali kuchora na kusaini kalavati la nondo za faiba, na msambazaji anatoa cheti cha majaribio ya mzigo uleule uliokuja, ni chaguo zuri sana kwa maji chumvi, hata mimi ningependa kuliona. Kama mchoro ni uleule wa chuma na mnabadilisha nondo tu kienyeji, hapana. Chuma cha kawaida kikimwagiwa zege bora kwa kava ya kutosha kitawazika nyie wote.

Na zege bora halinunuliwi kwa namba ya mfuko. Watu wanasema weka 42.5 haipitishi chumvi, hiyo 42.5 ni nguvu ya simenti kwa kipimo cha maabara baada ya siku 28, haihusiani na chumvi. Kinachozuia chumvi ni vijitundu kuwa vidogo, na vijitundu vinatokana na maji. Zege likiwa zito fundi anaongeza ndoo ya maji ili lishuke vizuri kwenye toroli, ile ndoo moja ndiyo itakayokuja kuchuruzika chai baadaye. Simenti yenye pozolana (kama majivu ya volkano) au slagi (masalia ya kuyeyusha chuma) inasaidia kweli maana inaendelea kuziba vijitundu polepole, ila inataka umwagilie siku nyingi zaidi, sio siku tatu za kujionyesha kwa mgeni rasmi. Mchanga wa mtoni, sio wa pwani, maji ambayo ungekunywa. Na kabla hamjaniuliza, maana hili swali naulizwa kila msimu: majivu ya pumba za mpunga yakichomwa kwa utaratibu yana silika zaidi ya 80% na yanafaa kuchanganywa kwenye simenti, ya maganda ya korosho sio sawa na hayo, yaacheni kwenye tofali za uzio za majaribio.

Halafu kuna kitu hakuna kinyundo wala rada ya zege itakiona. Mei 2024 mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Kibiti kwenda Lindi pale Somanga, tukakaa siku kadhaa mikoa ya kusini tumetengwa na Dar, maji hayakuuliza zege lina megapaskali ngapi, yalisomba tuta na kuchimba ardhi. Kwahiyo ukiwa chini ya kalavati lako chukua mti mrefu uchome mchanga kwenye mdomo wa kutokea maji, pembeni ya sakafu ya zege. Kama mti unaingia chini ya sakafu kuna pango, na pango ni dharura kuliko nyufa zote.

Mtu wa kumuona ni meneja wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) wa wilaya kama barabara iko kwenye mtandao wao, ikiwa ni ya mkoa basi TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), na wote wana njia ya kufika kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi. Wewe ni mtendaji, andika barua yenye muhuri, weka picha za chaki na vipimo vya nyufa, barua yenye picha za chaki haiwekwi chini ya faili. Michango ya wananchi ikiwepo mwambie ipo, iende kwenye kipimo cha kava na unga wa zege kabla ya mfuko wowote wa simenti.

Ila usisubiri barua ijibiwe ukiona lolote kati ya haya: nondo imeonekana nje na imekatika, nyufa ya mshazari karibu na ukuta ambapo slabu inakalia, slabu imeinama katikati hata kidogo ukiivutia uzi, kile kipango chini ya sakafu, au unasikia mlio tofauti lori likipita. Hapo weka magogo barabarani siku hiyohiyo, pikipiki na bajaji zipite, malori ya chumvi yazunguke, na umpigie mhandisi simu usiku huohuo. Watakutukana wenye mashamba ya chumvi, vumilia. Mpaka Oktoba korosho zikianza kutoka, kama zinapita hapo pia, lazima muwe mmeshajua slabu inabeba nini.

Nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji yanapwa mpaka sakafu inaonekana yote na una kama saa mbili kabla hayajarudi. Beba chaki mbili, moja italowa. Na picha unazonitumia ziwe za chini ya slabu, hizo tatu za juu ulizotuma nimeona lami na mbuzi tu.